Jinsi ya kuipima tochi ndogo ya bei ghali kabla muda wa kuirudisha haujaisha

Maswali ninayoulizwa kuhusu tochi ndogo za bei ghali ni yale yale kila mara. Lumeni (kipimo cha mwanga wote wa tochi) ngapi zinatosha? Mbona boksi limeandikwa lumeni 1000 na baada ya dakika mbili mwanga umeshuka? Betri ipi ni nzuri? Je, tochi yenye urefu wa kidole inastahili hela yote hiyo? Nimeyaweka majibu yangu yote hapa kwa mpangilio wa hatua, ili anayeuliza apate kitu cha kufanya kwa mikono yake mwenyewe.

Tochi ninayoizungumzia ni ya kubeba kila siku: inakaa mfukoni au kwenye mkoba, mwili wake ni wa alumini, titani au shaba, na inatumia betri ya lithiamu ya kuchaji. Ziko za Fenix, Olight, Nitecore, Acebeam, Skilhunt, SureFire na wengine. Sofirn na Convoy bei zao ni nafuu zaidi, lakini zipime kwa utaratibu huu huu. Tochi za plastiki za kutia mawe mawili hazihusiki hapa.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: tochi ya namna hii ihukumiwe kwa mwanga inaoutoa dakika ya kumi. Namba kubwa ya kwenye boksi inahusu dakika moja au mbili za mwanzo, na hakuna anayetembea gizani kwa dakika moja au mbili.

Fanya vipimo vyote wakati muuzaji bado anapokea bidhaa iliyorudishwa. Tunza boksi, risiti, waya wa chaji, na hata kile kiplastiki kidogo kinachotenganisha betri na tochi.

Vitu vya kuandaa

- Tochi yenyewe, betri yake na kijitabu cha maelezo.
- Simu yenye programu ya kupima mwanga kwa luksi, yaani kipimo cha mwanga unaofika mahali fulani. Ziko nyingi za bure.
- Malitimita. Ile ya bei rahisi ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, inatosha, mradi inasoma volti za DC.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Futi kamba.
- Chumba kidogo chenye dari nyeupe kinachoweza kuwa giza kabisa. Bafu linafaa sana.
- Ukuta mweupe.
- Kitu chekundu: kanga, nyanya, chochote kilichokolea rangi.
- Pamba za masikio, spiriti kidogo na grisi ya silikoni.
- Daftari na kalamu.

Tahadhari tatu kabla ya kuwasha

Usimulike macho ya mtu wala mnyama kwa karibu, na watoto wasiichezee. Pili, usiilaze tochi iliyowashwa kiwango cha juu kifudifudi juu ya kitambaa, godoro au kiti cha gari. Kioo chake kikigusana na kitu cheusi kinaweza kukiunguza kwa muda mfupi tu. Tatu, betri ya lithiamu iliyovimba, kubonyea au kuchanika plastiki yake ya nje haitumiki tena, hata kama bado inawasha taa.

Hatua ya 1: Andika kazi utakayoifanyia

Andika kwenye daftari, usibaki nayo kichwani. Nesi wa zamu ya usiku anahitaji mwanga mdogo usioamsha wodi nzima na unaoonyesha rangi ya ngozi sawasawa. Fundi umeme anataka kutofautisha waya wa kahawia na mwekundu ndani ya boksi la swichi. Anayetoka uani usiku anataka kuona kilichojikunja kwenye njia, hatua chache mbele yake. Mwenye bodaboda aliyepata pancha njiani anahitaji mikono yote miwili iwe huru.

Kwa makadirio: ndani ya chumba lumeni 5 hadi 50 zinatosha, njia ya kwenda nyumbani 100 hadi 200, na uwanja mzima 300 hadi 500. Zaidi ya hapo ni kwa dakika chache, pale unapotaka kujua kuna nini kule mbali. Kumbuka pia kwamba jicho halihesabu mwanga kama namba. Ili tochi moja ionekane kuwa na mwanga mara mbili ya nyingine, inahitaji lumeni karibu mara nne. Kwa hiyo usihangaike kuchagua kati ya lumeni 900 na 1000, macho yako hayataiona tofauti hiyo.

Ukiwa unamnunulia mama au babu kijijini, andika hilo pia. Linabadilisha mambo mengi kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 2: Soma boksi kama unavyosoma mkataba

Tafuta alama za kiwango cha ANSI FL1. Ni kiwango cha Marekani kilichotolewa kwanza mwaka 2009, na watengenezaji wengi wa maana wanakifuata. Tafsiri yake ndiyo hii:

Lumeni ni mwanga wote unaotoka mbele ya tochi, ukipimwa kuanzia sekunde ya 30 baada ya kuwasha.

Muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Boksi likisema "lumeni 1000, saa 2", inaruhusiwa kabisa kwamba tochi ilitoa lumeni 1000 kwa dakika moja, ikashuka hadi 250, ikaendelea hivyo mpaka ikazimika. Hakuna aliyedanganya, ila wewe ulielewa kitu kingine. Kijitabu kizuri huwa na mchoro wa mwanga dhidi ya muda. Ukiukuta, uangalie huo na uiache namba ya boksi.

Umbali ni mahali ambapo mwanga umebaki luksi 0.25, yaani kama mbalamwezi ya mwezi mpevu uwanjani. Mtu utamwona kuwa ni mtu, lakini hutamtambua. Ugawe umbali huo kwa mbili ndipo upate umbali wa kuona kwa raha.

Maji: IPX4 ni kurushiwa maji, IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, na IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kina ambacho mtengenezaji mwenyewe anakitaja. Herufi X maana yake vumbi halikupimwa. Ukiona IP68, vumbi nalo limepimwa.

Boksi lisilo na alama hizi na linalotangaza lumeni 100,000 kwa tochi ya mfukoni lirudishe dukani bila kulifungua.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya betri

Hesabu hii ni ya dakika moja na inafichua uongo mwingi. Chukua uwezo wa betri kwa mAh (kiasi cha chaji inachobeba, kimeandikwa juu yake), ugawe kwa 1000, kisha uzidishe kwa 3.6. Unapata wati-saa. Zidisha jibu kwa 100, kwa sababu tochi nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Hapo una "lumeni-saa", yaani mwanga wote uliomo ndani ya betri.

Betri ya 18650 yenye mAh 3000: 3 × 3.6 = wati-saa 10.8, sawa na lumeni-saa 1080 hivi. Inaweza kutoa lumeni 350 kwa saa 3, au 100 kwa saa 10 na zaidi.

Betri fupi ya 16340 yenye mAh 650: wati-saa 2.3, sawa na lumeni-saa 230. Akikuambia mtu kwamba tochi yenye betri hiyo inatoa lumeni 1000 kwa saa nzima, betri haina nishati hiyo. Itatoa mwanga huo dakika chache, kisha itashuka.

Namba zenyewe za betri kwa kawaida ni kipimo cha mwili wake: 18650 ni milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, 21700 ni 21 kwa 70, 14500 ni 14 kwa 50 (saizi ya jiwe la kawaida la AA), na 16340 ni 16 kwa 34.

Hatua ya 4: Ikague ikiwa bado imezimwa

Fungua kifuniko cha nyuma. Hesi zizunguke laini, bila mchanga wala kukwama. Tazama pete ya mpira iliyo chini ya hesi, ile mafundi wanayoiita oringi: isiwe na mpasuko, isiwe imetoka kwenye mfereji wake, na iwe na grisi kidogo. Angalia springi kama imenyooka.

Kisha tazama mbele. Kioo kisiwe na alama za vidole kwa ndani, kwa sababu hizo hutazifuta. Chipu ya LED iwe katikati kabisa ya kikombe kinachong'aa. Ikiwa imeenda pembeni hata kidogo, doa la mwanga nalo litakaa upande. Kwa tochi ya bei rahisi ningelisamehe hilo, lakini kwa bei hii simwachii mtengenezaji.

Hatua ya 5: Betri

Ichaji mpaka ijae, iache itulie nusu saa, kisha uipime kwa malitimita. Iliyojaa isome kati ya volti 4.15 na 4.20. Ikisoma chini ya 4.1, ama chaja haimalizi kazi au betri imechoka.

Sasa ipime uzito. Betri halisi ya 18650 ina gramu 44 hadi 50, na 21700 ina karibu gramu 70. Zenye saketi ya ulinzi au tundu la kuchajia huzidi kidogo. Ukipata 18650 ya gramu 30 iliyoandikwa mAh 9900, ni bandia. Betri za ukubwa huo zilizopo sokoni kwa kweli hazifiki hata nusu ya namba hiyo. Betri nyingi bandia zinauzwa kwa rejareja huku kwetu, na ndiyo maana sishauri kununua ya akiba mahali usipopajua.

Jiulize pia: betri hii ikifa baada ya miaka mitatu, nitapata wapi nyingine? Baadhi ya makampuni hutumia betri yao maalumu ambayo ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake, na nyingine zimefungiwa ndani moja kwa moja. Mimi nachagua tochi inayokubali betri ya kawaida ya 18650 au 14500, kwa sababu betri hizo zinapatikana. Kama zawadi inakwenda mahali ambapo chaja ni ya kubahatisha, tafuta ile inayokubali pia mawe ya AA, lakini hakikisha kijitabu kinasema hivyo. Betri ya 14500 na jiwe la AA vinalingana umbo, ila volti zao ni tofauti sana, 3.7 kwa 1.5. Tochi isiyoandaliwa kwa vyote viwili inaweza kuungua.

Kosa la kawaida: kutia betri ya akiba mfukoni pamoja na sarafu na funguo. Chuma kikigusa pande zake mbili, betri inachemka ukiwa umeivaa. Nunua kikasha cha plastiki.

Hatua ya 6: Mkononi na mfukoni

Fumba macho, ingiza mkono mfukoni, toa tochi, iwashe kwa mkono mmoja. Rudia mara kadhaa. Kidole kikikitafuta kitufe kila mara, gizani na kwenye mvua itakuwa shida zaidi. Tochi nzuri ina kitufe chenye mbonyeo au ukingo unaohisiwa kwa kidole.

Ivae kwa klipu yake. Klipu ishike kitambaa cha suruali bila kukichana, na isitoke ukiketi kwenye daladala au ukiruka mfereji. Kwa vipimo, chini ya gramu 100 pamoja na betri na chini ya sentimita 11 ndiyo tochi inayobebeka kila siku bila kuivuta suruali. Titani ni ngumu na haichakai upesi, lakini inasafirisha joto vibaya kuliko alumini, kwa hiyo mwanga wa juu hauwezi kukaa muda mrefu. Shaba inatoa joto vizuri sana ila ni nzito. Kwa kazi za kila siku alumini haijapata mpinzani, hata kama titani inapendeza zaidi machoni.

Isimamishe kwa kitako juu ya meza, mwanga ukielekea darini. Tochi inayosimama hivyo ni taa ya chumba umeme ukikatika. Yenye kitufe cha nyuma kinachochomoza haitasimama. Angalia pia kama ina sumaku nyuma. Kwa fundi wa magari sumaku ina thamani kubwa. Kwa mwenye kadi za benki za mstari wa sumaku kwenye mfuko uleule, ni hatari.

Hatua ya 7: Kitufe na viwango

Jibu maswali haya ukiwa na tochi mkononi, bila kurudia kijitabu:

Je, kutoka kuzimwa naweza kwenda moja kwa moja kwenye mwanga mdogo kabisa? Usiku wa manane ukiwashiwa lumeni 800 usoni, unabaki kipofu kwa dakika kadhaa. Mwanga wa chini uwe chini ya lumeni 5. Wa lumeni 1 au chini yake ni bora zaidi, na unadumu siku nyingi.

Je, mwanga wa kupepesa unajitokeza wakati siuhitaji? Uwe umefichwa, ubofye mara mbili au tatu ndipo uje. Ukiwa kwenye mzunguko wa kawaida wa viwango, tochi hiyo itakuudhi kila siku.

Je, inafungika isiwake mfukoni? Ziko njia mbili: kufunga kwa kitufe, au kulegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko. Jaribu zote mbili. Tochi ya kitufe cha pembeni iliyobonyezwa na funguo ndani ya mkoba inaweza kufika kiwango cha juu na kuunguza kitambaa, kwa hiyo hili lipe uzito.

Sasa mpe mtu ambaye hajawahi kuishika. Usimwelekeze. Akishindwa kuizima ndani ya nusu dakika, tochi hiyo usimpelekee mama kijijini, hata iwe na sifa zote. Kwake nunua yenye kitufe kimoja cha nyuma na viwango viwili au vitatu.

Hatua ya 8: Ukuta mweupe na kitambaa chekundu

Zima taa, simama mita moja kutoka ukutani, umulike. Katikati kuna doa kali, pembeni mwanga uliotawanyika. Mpito kati yake uwe wa taratibu. Pete za giza, doa jeusi katikati au kingo zilizokatika ni kasoro. Kwa matumizi ya karibu, doa pana lenye pembezoni angavu linasaidia kuliko doa dogo kali.

Angalia rangi ya mwanga. Kipimo chake ni Kelvin: 6500 ni weupe wa kibuluu, 5000 ni kama jua la mchana, 3000 ni umanjano wa balbu za zamani. Mimi nashikilia 4000 hadi 5000. Kwenye vumbi, ukungu au mvua, mwanga wa kibuluu unakurudia usoni na kukuchosha. Shusha hadi kiwango cha chini na uangalie tena, maana baadhi ya LED hugeuka kijani kidogo hapo.

Kisha mulika kiganja chako. Chini ya LED hafifu kiganja kinakuwa cha kijivu, kama cha mgonjwa. Chini ya LED nzuri unaona wekundu wa damu na mistari yote. Mulika kanga nyekundu: inabaki nyekundu au inaelekea kahawia? Uwezo huu unaitwa CRI na unapimwa hadi 100. LED nyingi za kibuluu ziko karibu na 70, nzuri ziko 90 na zaidi. Nichia 519A ni mfano unaofahamika wa hizo nzuri. Kwa CRI ya juu unapoteza lumeni kiasi, na kwangu mimi ni biashara yenye faida: nesi, fundi umeme na mpishi watakubaliana nami baada ya usiku mmoja.

Mwisho, washa kamera ya simu, ielekeze kwenye doa la mwanga ukutani, upitie viwango vyote. Mistari ya giza inayotembea kwenye skrini ina maana kwamba tochi inawaka na kuzima kwa kasi ili ipunguze mwanga. Mistari hafifu si tatizo. Ikiwa mizito, pitisha vidole haraka mbele ya mwanga. Ukiviona vimekatika vipande vipande, macho yako yatachoka ukisoma au kufanya kazi nayo.

Hatua ya 9: Nusu saa bafuni

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Ingia kwenye bafu lenye giza. Simamisha tochi ikimulika dari. Simu ilaze mahali ambapo mwanga wa moja kwa moja hauifikii, programu ya luksi ikiwa imefunguliwa, na kihisi (kwenye simu nyingi za Android kiko karibu na spika ya juu) kikitazama dari. Usiisogeze tena. Washa kiwango cha juu kabisa, andika luksi kwenye sekunde ya 30, kisha dakika ya 1, 2, 3, 5, 10, 20 na 30.

Usijali kama simu yako inasoma juu au chini kuliko kipimo cha kitaalamu. Unachotaka ni uwiano. Tuseme sekunde ya 30 ilisoma luksi 80 na dakika ya 10 ikasoma 24. Gawa 24 kwa 80, ni 0.30. Tochi iliyoandikwa lumeni 1000 sasa iko kwenye 300. Hiyo 300 ndiyo tochi uliyonunua, ile 1000 ni ya kuazima.

Kushuka kwenyewe si ubovu. Lumeni 1000 zinahitaji karibu wati 10, na nyingi ya hizo zinageuka joto ndani ya mwili mdogo. Tochi isiposhuka itaungua yenyewe au itakuunguza. Unachochunguza ni namna inavyoshuka. Nzuri hushuka mara moja kwa utaratibu, kisha inabaki palepale kwa muda mrefu. Dhaifu huendelea kufifia dakika hadi dakika, kila betri inavyopungua. Kwa tochi ya 18650, ikibaki kwenye lumeni 300 hadi 400 kwa saa moja au zaidi nimeridhika. Kwa fupi ya 16340, lumeni 150 hadi 200 ni sawa, na utaona inalingana na hesabu ya hatua ya 3.

Dakika ya 5 na ya 10, shika mwili wake. Joto la kikombe cha chai ni la kawaida. Ukilazimika kuhamisha mkono, kidhibiti joto chake hakifanyi kazi ipasavyo. Elewa pia kwamba tochi iliyosimama peke yake hupata joto haraka kuliko iliyo mkononi mwako ukitembea, na kwamba ya Dar es Salaam mwezi Januari itashuka mapema kuliko ile ile ikiwa Njombe mwezi Julai.

Rudia kipimo kwa kiwango cha kati, kile utakachokitumia zaidi, mpaka betri iishe. Huhitaji kukaa nayo. Pitia kila nusu saa uandike.

Hatua ya 10: Umbali

Pima mita 5 kwa futi kamba, mulika kihisi cha simu kwa doa la katikati, chukua namba ya juu ya luksi. Zidisha kwa 5, kisha kwa 5 tena: hizo ni kandela, kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Tafuta kipeuo cha pili, uzidishe kwa 2, unapata umbali kwa mita kwa kipimo cha boksi. Mfano: luksi 400 × 25 = kandela 10,000. Kipeuo cha pili ni 100, umbali ni mita 200, na wa kuona kwa raha ni mita 100. Simu haitakupa usahihi wa maabara, lakini boksi likidai mita 300 na wewe ukapata 120, uliza.

Hatua ya 11: Maji

Ifanye tu kama boksi linadai IPX7 au zaidi na oringi ulizikagua. Kaza kifuniko, funga vizuri kizibo cha tundu la chaji, izamishe kwenye bakuli la maji safi dakika 10 bila kubonyeza kitufe. Itoe, ikaushe kwa nje, ifungue. Unyevu wowote kwenye hesi za ndani au ukungu nyuma ya kioo unatosha kuirudisha. Maji ya chumvi na sabuni usijaribu, kipimo cha IP hakivihusu.

Usiijaribu kwa kuiangusha. Alama ya urefu wa kuanguka kwenye boksi inaonyesha sampuli za tochi hiyo zilishaangushwa kwenye zege wakati wa majaribio, na muuzaji hatapokea tochi yenye makovu.

Hatua ya 12: Ibebe

Itumie wiki nzima bila kubeba nyingine na bila kutumia taa ya simu. Kila inapokukera, andika sababu. Ukijikuta unaiacha mezani asubuhi, basi ni nzito, ni nene au klipu yake ni mbaya, na hakuna lumeni zitakazorekebisha hilo.

Ikileta shida

*Haiwaki kabisa.* Toa kile kiplastiki cha betri. Kimesababisha tochi nyingi nzima kurudishwa. Angalia mwelekeo wa betri, kisha angalia kama umeifunga bila kujua kwa kubofya.

*Inapepesa au kuzimika ukiitikisa.* Safisha hesi, springi na ncha za betri kwa pamba yenye spiriti, acha zikauke, paka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye hesi na oringi, kaza. Usitumie mafuta ya kula. Tatizo likibaki, springi ni fupi au betri ni fupi.

*Kiwango cha juu hakiwaki, vingine vinawaka.* Betri iko chini, au haiwezi kutoa mkondo mkubwa. Jaribu nyingine inayoaminika kabla ya kuilaumu tochi.

*Inaisha chaji ikiwa imezimwa.* Kitufe cha kielektroniki hutumia umeme kidogo muda wote. Legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko unapoiweka siku nyingi. Kama inaisha ndani ya wiki hata hivyo, saketi ina kasoro.

*Taa ya chaji haigeuki kijani.* Badilisha waya kwanza. Baadhi ya tochi zenye tundu la USB-C hazikubali waya wenye USB-C pande zote mbili, zinataka ule wenye USB ya kawaida upande wa chaja. Ikifika volti 4.2 kwenye malitimita na taa bado ni nyekundu, chomoa na uirudishe. Hadi ujue tatizo, usiichaje usiku ukiwa umelala.

*Kifuniko kinalia au kigumu kuzungusha.* Grisi imekauka au mchanga umeingia. Futa ya zamani yote kabla ya kupaka mpya.

*Ukungu ndani ya kioo baada ya mvua.* Toa betri, acha tochi wazi mahali pakavu siku mbili. Ukirudi tena, oringi ya mbele imeharibika.

Ikishinda vipimo hivi na ukaamua kubaki nayo, nunua betri ya akiba mapema, na zile zisizotumika zihifadhi zikiwa nusu ya chaji, yaani karibu volti 3.7, mahali pasipo na jua. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba ziwe kwenye kikasha ndani ya begi la mkononi, kwa sababu haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege ni wati-saa 100 kwa betri moja, na 18650 haifiki hata 20.